Madini Yamo Udongoni, Je, Yanatufikia?
Funzo la bonde la Lambwe kwa meza zetu

Majumbani mwetu mazungumzo ya lishe huanzia sokoni na kuishia jikoni. Tunauliza bei ya unga, tunauliza kama maharage yamepanda, tunauliza kama leo kuna samaki. Ni nadra kuuliza swali lililo nyuma ya hayo yote: mahindi haya yalikua katika udongo wa namna gani, na udongo huo uliyapa nini? Juma hili tumeona tulitazame swali hilo, kwa kuwa jawabu lake huingia mwilini mwa mama mjamzito na mtoto anyonyaye kabla ya yeyote kuliona kwa macho.

Utafiti wa kitaifa kuhusu virutubisho vidogo, uliofanywa nchini Kenya mwaka 2011, ulionyesha kuwa zaidi ya watoto wanane katika kila kumi walio chini ya umri wa kwenda shule walikuwa na upungufu wa zinki. Mtoto wa namna hii huenda asilale njaa hata usiku mmoja. Anakula ugali, anashiba, anacheza. Lakini kimo chake hakiendani na umri, kidonda chake hakiponi upesi, na kuhara kwake hakukomi vizuri. Wataalamu huiita hali hiyo njaa iliyofichika. Mwili umepata chakula kingi na umekosa chembe ndogo mno ambazo hata mizani ya dukani haiwezi kuzipima: zinki, chuma, shaba, manganisi, seleni na wenzake.

Kuzifuata chembe hizo hadi zilikotoka, tumelichagua bonde la Lambwe.

Bonde lenye sura mbili

Lambwe iko katika kaunti ya Homa Bay, karibu na Ziwa Viktoria, kuelekea mpaka wa Migori. Magharibi yake vinasimama vilima vya Gwasi, na mashariki unainuka ukingo wa Kanyamwa. Katikati ya bonde imo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, makazi ya korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amesalia hapo. Kwa miaka mingi mbung'o na maradhi ya malale viliwaweka watu mbali na bonde hili, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mashamba yake ni mageni kuliko ya nyanda jirani. Ndugu zetu Waislamu wapo katika eneo zima hilo la ziwa, tangu Kendu Bay hadi Mbita na Migori, na baadhi ya familia za pwani zina mabinti walioolewa huko. Tunapotaja mashamba ya Lambwe, basi, hatuwataji watu wa mbali.

Vilima vya Gwasi ni mabaki ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri, iliyotapika mamilioni ya miaka iliyopita. Mawe yake yana kalisi na magnesi kwa wingi. Mvua imeyasaga mawe hayo taratibu na kuyateremsha, na chini ya bonde pamelala udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, udongo huu hunata miguuni na kukwamisha magari. Kiangazi kikiingia, hupasuka nyufa ambazo fimbo huweza kuzama. Kwa kawaida udongo wa namna hii haukupoteza kalisi yake. Hauna tindikali, na mara nyingi huegemea upande wa magadi.

Ukipanda kutoka bondeni na kwenda mashariki, kuelekea Rongo na nyanda za juu za Kisii, mambo hubadilika. Mvua ni nyingi zaidi na udongo ni mwekundu. Maji yaliyopita ndani yake kwa karne nyingi yameichukua kalisi na kuacha tindikali. Udongo wenye tindikali umeenea katika takriban asilimia 13 ya ardhi ya Kenya, na magharibi ya nchi ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa sana.

Jambo jingine la eneo hili linafaa kutajwa. Huko Macalder, kaunti ya Migori, kulikuwa na machimbo ya shaba yaliyofanya kazi hadi miaka ya 1960, na katika mwamba huohuo imo zinki pamoja na dhahabu. Mtu angeweza kudhani kuwa watu wanaoishi juu ya ardhi yenye shaba na zinki hawawezi kukosa shaba na zinki katika chakula chao. Dhana hiyo ingemdanganya. Madini kuwapo ardhini ni jambo moja, na madini kupatikana na mmea ni jambo jingine.

Bawabu wa udongo

Mzizi wa mmea hauli mawe. Hunywa tu kile kilichoyeyuka katika unyevu wa udongo, kama ambavyo ulimi huonja sukari iliyokwisha kuyeyuka katika chai. Na kinachoamua ni madini gani yayeyuke na yapi yabaki yamegandamana na chembe za mfinyanzi ni kiwango cha tindikali, ambacho wataalamu hukipima kwa kipimo kiitwacho pH.

Kipimo hiki huenda kutoka 0 hadi 14. Nambari 7 ni katikati. Chini yake ni upande wa tindikali, ambako maji ya ndimu hukaribia 2; juu yake ni upande wa magadi na chokaa. Nambari hizi zisitudanganye kwa udogo wake, kwa sababu kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wenye pH ya 5 una tindikali mara kumi ya udongo wa 6, na mara mia ya udongo wa 7.

Tindikali ikizidi, chuma, manganisi, zinki na shaba huyeyuka kwa urahisi. Hapo mtu angesema kheri, kumbe kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni kwamba alumini, ambayo imejaa katika kila udongo na kwa kawaida hulala bila kumdhuru yeyote, huamka pH inaposhuka chini ya 5.5 au hivi. Alumini iliyoyeyuka hufupisha mizizi na kuifanya minene kama vidole vilivyovimba. Mzizi mfupi haufiki kwenye maji wala kwenye chakula. Wa pili ni kwamba kile kinachoyeyuka kwa urahisi huchukuliwa na mvua kwa urahisi, hata baada ya miaka mingi ghala likabaki tupu. Wa tatu ni kwamba kuna madini yanayofanya kinyume: seleni na molibdeni hufungika katika tindikali, na fosforasi hushikwa na chuma na alumini.

Molibdeni ni jina geni masikioni, lakini kazi yake tunaijua. Kwenye mizizi ya maharage na kunde kuna vifundo vidogo ambamo vijidudu huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuilisha mimea. Vijidudu hivyo haviwezi kufanya kazi bila molibdeni. Mkulima anaweza kujipimia mwenyewe: ang'oe shina la maharage linapoanza kutoa maua, apasue kifundo kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe au kijani, vijidudu havifanyi kazi, na tindikali ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza.

Upande wa magadi hali hugeuka. Seleni na molibdeni huachiliwa, lakini zinki, chuma, manganisi na shaba hung'ang'ania udongo. Kwa zinki upungufu huo ni mkali mno: pH inapopanda hatua moja tu, kiasi cha zinki iliyoyeyuka hushuka takriban mara mia. Ndipo tunapoona mahindi machanga yenye mistari myeupe au ya manjano kandokando ya uti wa jani, juu ya ardhi ambayo zinki imo.

Mashamba mawili, dawa mbili

Tufanye mfano wa ndugu wawili. Mmoja analima mteremkoni, kwenye udongo mwekundu wenye tindikali. Mwingine analima chini bondeni, kwenye udongo mweusi. Wa mteremkoni anamwaga chokaa ya kilimo, ile inayochimbwa Koru na kwingineko, na mavuno yake yanapanda. Wa bondeni anaona, anafurahi, anakopa fedha na kununua magunia yaleyale. Msimu unapofika, mahindi yake yanakuwa ya manjano kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu chokaa imeongeza kile kilichokuwa tayari kimezidi na kuifunga ile zinki kidogo iliyokuwa ikipita.

Hakuna aliyemdanganya. Chokaa ni dawa kweli, ila ilipelekwa kwa mgonjwa asiyekuwa na maradhi hayo. Ndivyo ilivyo pia kwa mbolea. Mbolea zenye amonia, ikiwemo DAP inayotumiwa sana wakati wa kupanda, huongeza tindikali mwaka baada ya mwaka. Mteremkoni hilo ni hasara inayojikusanya kimyakimya. Kwenye udongo mweusi athari yake ni ndogo zaidi.

Hata jivu la jikoni lina hukumu yake. Akina mama wengi hulimwaga kwenye bustani ya mboga, na mahali penye tindikali hufanya vyema, kwa kuwa jivu lina hali ya chokaa. Kulilundika kila siku katika kitalu kimoja cha udongo mweusi ni kuifungia sukumawiki chuma na zinki.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa mwenye shamba ni kupima kabla ya kununua. Achukue udongo mahali kadhaa shambani, kina cha sentimita 20 hivi, auchanganye, aukaushe kivulini, kisha apeleke kiasi cha nusu kilo kwenye maabara. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina maabara ya udongo Kabete na vituo katika maeneo mengi, ikiwemo Mtwapa kwetu pwani na Kisii kule magharibi. Maafisa wa kilimo wa kaunti huweza kuelekeza. Gharama ya kupima ni ndogo ukiilinganisha na magunia ya mbolea isiyofaa. Chokaa ikihitajika, ichanganywe na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiwango kilichotajwa na kipimo. Kwenye udongo mweusi wenye uhaba wa zinki, kinachofaa ni samadi na mboji kwa wingi, pamoja na mbolea yenye zinki kidogo. Samadi na mboji hufaa pande zote mbili, kwani hupunguza sumu ya alumini mteremkoni na husaidia kuyashika madini katika hali ambayo mzizi unaweza kuyafikia bondeni.

Ushahidi katika miili ya wanawake

Huenda msomaji akauliza: je, tofauti hii ya udongo hufika kweli mpaka mwilini mwa mtu? Jawabu limepatikana Malawi, nchi inayokula ugali kama sisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti waliwalinganisha wanawake wa vijiji vya sehemu mbili. Sehemu moja ina udongo wenye tindikali. Nyingine, katika bonde la mto Shire, ina udongo mweusi wenye chokaa, wa jamii moja na udongo wa chini ya Lambwe. Wanawake wa udongo mweusi walikuwa wakipata seleni takriban mara nane ya wenzao, na damu yao ilishuhudia hivyo. Mahindi yalikuwa mahindi na ugali ulikuwa ugali. Aliyetofautiana ni udongo. Na kwa upande wa zinki, upungufu ulionekana kwa wanawake wa sehemu zote mbili. Udongo mweusi ulifungua mlango mmoja na haukuleta salama katika mwingine.

Habari ya zinki yenyewe ina historia inayotugusa sisi Waswahili, ambao wengi wetu hujinasibisha na Shiraz. Ni katika mji huo wa Iran ambako daktari Ananda Prasad na wenzake walikutana na vijana waliodumaa, wenye upungufu mkubwa wa damu, waliokula zaidi mkate usiotiwa hamira na waliokuwa na mazoea ya kula udongo. Habari zao zilichapishwa mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, kwa wagonjwa wa namna hiyo nchini Misri, ushahidi wa upungufu wa zinki ulipatikana. Kabla ya hapo wengi hawakuamini kuwa binadamu anaweza kukosa zinki. Huko Uturuki nako, katika nyanda za Anatolia ya kati zenye udongo wa chokaa, wataalamu wakiongozwa na Ismail Cakmak walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba ngano ilikuwa ikinyong'onyea kwa uhaba huohuo. Zinki ilipotiwa katika mbolea, mavuno yaliinuka, na katika muda wa miaka michache wakulima wa nchi hiyo wakawa wanatumia mamia ya maelfu ya tani za mbolea yenye zinki.

Pwani yetu nayo

Tusidhani kuwa haya ni ya bara peke yake. Ukanda wetu wa pwani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ndio chokaa tunayoichoma tanuuni tangu enzi za mababu kwa kujengea nyumba na misikiti. Bustani iliyo juu ya mwamba huo ina tabia ya udongo wa bondeni Lambwe: majani machanga ya mlimao yanayokuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani ni dalili ya kawaida ya chuma kilichofungika. Ukipanda kwenye mchanga wa Shimba Hills, Kwale, unakuta ardhi iliyooshwa na mvua, yenye tindikali, mfano wa mteremkoni. Safari ya saa chache, milango miwili.

Liko jambo la wanawake ambalo halisemwi hadharani. Katika utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998, zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa walisema hula udongo mara kwa mara, aghalabu udongo wa kuta za nyumba. Kule ziwani nao udongo huuzwa sokoni. Hatuwalaumu, maana hamu hiyo huja na mimba na ina nguvu zake. Ila tukumbuke tabia ya mfinyanzi tuliyoieleza. Udongo unaoishika zinki isiende kwenye mzizi wa muhindi huweza kuishika zinki na chuma tumboni mwa mama, visiende kwenye damu. Mjamzito anayepata hamu hiyo na amwambie mkunga au muuguzi kliniki, apimwe damu, bila haya.

Yaliyo mikononi mwetu jikoni

Si kila msomaji ana shamba, lakini kila nyumba ina chungu. Mahindi na maharage yana kitu kiitwacho faiteti, ambacho hushika zinki na chuma kama udongo ushikavyo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kuchachusha uji kama walivyofanya bibi zetu, na kutia hamira katika mkate hukipunguza kitu hicho. Dagaa, au omena kama waitwavyo ziwani, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, nao hutoa zinki na kalisi kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Ndimu juu ya mboga au embe baada ya chakula husaidia mwili kupokea chuma. Chai ya rangi pamoja na chakula hukizuia, basi na isubiri saa moja.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe chuma, zinki na vitamini. Unga wa kinu cha mtaani hauna nyongeza hiyo, na familia inayoutegemea inahitaji zaidi dagaa, mboga na maharage. Kwa wenye mashamba, KALRO ilitoa mwaka 2017 mbegu ya maharage iitwayo Nyota, iliyochaguliwa pamoja na mengine kwa wingi wa chuma na zinki. Na mtoto akiharisha, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya hospitali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, tuviulizie kituoni.

Amana ya mwenye kulima na mwenye kupika

Katika hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliufananisha uongofu na elimu aliyokuja nayo na mvua iliyoangukia ardhi za namna mbalimbali: iliyopokea maji ikaotesha, iliyoyashika watu wakanywa, na isiyoshika wala kuotesha. Maana ya hadithi hiyo ni nyoyo, nasi hatuiondoi mahali pake. Hata hivyo tunajifunza kwayo kuwa kutofautisha ardhi na ardhi si jambo geni katika mafunzo ya dini yetu. Wanazuoni wetu wa kilimo walilishughulikia kwa bidii; Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika karne ya 12, alikianza Kitab al-Filaha chake kwa kueleza aina za udongo na samadi kabla ya kufika kwenye miti na nafaka.

Anayelima hulisha watoto asiowajua, na anayepika hulisha wasioweza kuuliza. Wote wawili wamebeba amana. Mkulima wa Lambwe akiupima udongo wake, na mama wa Majengo au Kisauni akiloweka maharage yake, wanaifanya kazi moja kutoka ncha mbili za njia ileile, ili rizki aliyoiweka Mwenyezi Mungu ardhini imfikie aliyekusudiwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) azibariki ardhi zetu, awape afya mama zetu na watoto wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.